Unyong'onyevu, Si Uchovu Sugu

Dodoso la afya linapomuuliza mgonjwa wa Dodoma kama ana "uchovu sugu", mgonjwa huyo ameshahukumiwa kabla hajajibu. Sugu, kwa asili yake, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mshika jembe. Kutoka hapo neno likawa kivumishi cha lawama: mhalifu sugu, mlevi sugu, mdaiwa sugu. Siku hizi hata vimelea vinavyoshinda dawa huitwa sugu. Hiyo ndiyo jamaa ambamo watunga istilahi wamemweka mtu ambaye mwili wake unaishiwa nguvu bila hiari yake.

Wanaoumizwa zaidi na tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza fatigue ni wenye ugonjwa ambao Jean-Martin Charcot aliueleza mjini Paris mwaka 1868. Kwa Kifaransa aliupa jina linalotaja mabaka, yaani makovu magumu aliyoyaona kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kwa Kiswahili wapo wanaoandika "sklerosisi nyingi", kutoka multiple sclerosis ya Kiingereza, na ukiwauliza nyingi za nini, hawana jibu. Sklerosisi ya mabaka ingetosha. Atlasi ya kimataifa ya ugonjwa huo ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Afrika Mashariki ni nadra kuuona, lakini upo, na kadiri mashine za MRI zinavyoenea, kama ilivyo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ndivyo unavyozidi kutambuliwa. Robo tatu ya wagonjwa au zaidi hulalamikia hali hii ya kuishiwa nguvu, na wengi wao huitaja miongoni mwa mateso makubwa kuliko yote.

Hali yenyewe haina kipimo cha damu wala picha. Hupimwa kwa maneno. Mwaka 1989 Lauren Krupp na wenzake walitoa kipimo cha kauli tisa. Mgonjwa huipa kila kauli alama kuanzia 1 hadi 7, na wastani wa 4 kwenda juu huhesabiwa kuwa hali nzito. Kwa Kiingereza, neno fatigue au mnyambuliko wake limo katika kauli zote tisa. Mfasiri akikosea neno hilo moja, amekosea mara tisa, na hakuna hesabu ya takwimu itakayomrekebisha.

Watetezi wa "uchovu" mtupu, bila sugu, wana hoja nzuri zaidi, lakini nao hawajalitazama neno lao kwa makini. Kuchoka kunadai sababu. Mtu akisema amechoka, swali linalofuata ni "Umefanya kazi gani?" au "Umetoka wapi?" Kazi inachosha, safari inachosha, maneno mengi yanachosha, kisha mtu analala na kuamka mzima. Mkulima wa Kongwa anayepalilia mtama akiulizwa kama alichoka wiki hii, atajibu kweli kwamba alichoka sana, na atapata alama za mgonjwa ilhali hana ugonjwa. Mwenye sklerosisi ya mabaka, kinyume chake, anaweza kuamka akiwa ameishiwa nguvu kabla hajashika hata ndoo, na akaona haya kujibu kwamba amechoka wakati hajafanya lolote. Huyu atapata alama chache. Mtaani nako neno limekwenda mbali zaidi: nguo ikichakaa imechoka, gari bovu limechoka, na mtu asiye na senti ni choka mbaya.

Kuna wanaotaka neno la Kiingereza litoholewe. Lilishatoholewa kwa mlango wa kambi: kijana aliyepitia JKT Makutupora akisikia "fatiki" atafikiria kufyeka na kubeba. Unyonge nao hautufai. Hapa makao makuu ya nchi, neno hilo ni la siasa. Wanyonge ni watu wa kutetewa, na mgonjwa hakuja kliniki kudai haki za tabaka lake.

Neno lililopo ni unyong'onyevu. Halikuundwa na mtu ofisini. Kunyong'onyea ni kulegea mwili mzima kwa ugonjwa, njaa au kitu kingine kisichoonekana, na halidai kazi iliyotangulia. Mama akimleta mtoto zahanati, hamwambii mganga kwamba mtoto ana uchovu, anasema, "Tangu jana kanyong'onyea tu, dokta." Hapo mganga anaelewa kwamba nguvu zimetoka zenyewe. Maumbile ya neno ni safi pia. Kiswahili huunda sifa za hali inayokaa kwa -vu: tulia hutoa -tulivu, legea -legevu, potea -potevu, nyamaa -nyamavu, vumilia -vumilivu. Nyong'onyea inafuata njia hiyo hiyo na kutoa -nyong'onyevu, na kwa kiambishi u- tunapata jina la hali. Hata uchovu ulipitia huko zamani, k ya choka ikalainika kuwa v kama ilivyolainika kuwa f katika -tukufu kutoka tukuka, ndiyo maana wengine husema uchofu. Tofauti ni kwamba choka ilibeba jasho la kazi, na jasho hilo halijawahi kuitoka.

Mwandishi wa makala haya alilifikisha neno hili mbele ya jopo moja la istilahi. Lilikataliwa kwa hoja tatu: ni la nyumbani, ni refu, na ile ng' itawasumbua wachapaji. Hoja ya kwanza ni sifa, maana dodoso huulizwa watu wa nyumbani. Ya pili ni ya kuhesabu tu: unyong'onyevu una silabi tano, na "uchovu sugu" una silabi tano. Kuhusu ng', kila zahanati nchini imeandika kung'oa meno bila kulalamika. Inauma kuona neno hai likiachwa mlangoni kwa sababu hizo, huku wagonjwa wakiendelea kuulizwa maswali wasiyojitambua ndani yake.

Jopo lilijitetea pia kwa utaratibu wa kimataifa, ule wa kutafsiri dodoso kwenda Kiswahili, kisha mtu mwingine kulirudisha Kiingereza. Hapo ndipo kosa linapojificha. Kila kamusi ya lugha mbili inafunga uchovu na fatigue kwa kamba moja, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi itafaulu daima, hata kama mgonjwa wa Mpwapwa alielewa jambo jingine kabisa.

Upungufu mmoja wa unyong'onyevu lazima usemwe: mtu hunyong'onyea pia kwa huzuni au kwa habari mbaya. Hilo halikwepeki, kwa sababu hata dodoso la sonona la PHQ-9 lina swali la kuishiwa nguvu, na wataalamu wa Kiingereza wanahangaika na mpaka huo huo. Dawa yake ni kutaja mahali: unyong'onyevu wa mwili, unyong'onyevu wa akili. Mgawanyo huo unakaa vizuri na kipimo kingine kinachotumika sana, MFIS, chenye maswali 21 na jumla ya alama 84, kinachotenga mwili, akili na maisha ya kijamii. Uzito wake si mdogo. Mwaka 2021 jaribio la Marekani lenye wagonjwa 141 liliamuliwa kwa kipimo hicho, na amantadini, modafinili na methilfenideti hazikuishinda dawa bandia.

Uwanda wa kati unaongeza jambo ambalo vipimo hivi viwili haviulizi, nalo ni joto. Mwaka 1890 tabibu wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika juu ya wagonjwa ambao uoni wao ulififia baada ya kujishughulisha kwa nguvu. Baadaye ilieleweka kwamba joto la mwili likipanda hata kidogo, neva iliyopoteza utando wake hupitisha ishara kwa shida. Dodoma, Oktoba na Novemba, kabla mvua haijafika, saa nane mchana si sawa na saa mbili asubuhi.

Kwa matumizi: kwenye dodoso kitenzi ni bora kuliko nomino, kwa mfano "mwili ulininyong'onyea hata bila kazi", pale Krupp anapotaja mazoezi, kijijini iandikwe kutembea au kazi za mikono, na saa ya mahojiano iandikwe juu ya fomu, karibu na tarehe.