Redio, Kitabu na Kiongozi wa Kikundi: Uteuzi wa Zana za Kufundishia katika Kampeni za Elimu ya Watu Wazima Tanzania, 1969–1975

Katika maandishi ya taaluma ya ualimu, uteuzi wa zana za kufundishia huelezwa mara nyingi kwa orodha ya vigezo: lengo la somo, umri na uzoefu wa wanafunzi, gharama na upatikanaji wa zana. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haioneshi namna vigezo vinavyogongana wakati wa kufanya uamuzi. Kampeni za elimu kwa njia ya redio zilizoendeshwa Tanzania kati ya 1969 na 1975 zinadhihirisha mgongano huo. Insha hii inadai kwamba mafanikio yake hayakutokana na redio yenyewe, bali na kuipa kila zana kazi inayoiweza.

Sensa ya 1967 ilionesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lakini walimu walikuwa wachache na vijiji vilitawanyika. Kitabu peke yake kingewaacha nje walengwa wengi. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara. Vituo vyake vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Redio iliendeshwa kwa betri, ilizungumza Kiswahili na ilifika mbali. Hata hivyo, ilikuwa na udhaifu: sauti yake hupita bila kumsubiri msikilizaji, haiulizwi swali wala haioneshi picha.

Waandaaji hawakuanza kwa nchi nzima. Kampeni ya Kupanga ni Kuchagua ya 1969 ilikuwa ya majaribio. Ilifuatwa na Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, kisha Mtu ni Afya mwaka 1973. Hii ya mwisho iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa muda wa wiki 12, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo kwa ngazi, kutoka taifa hadi kijiji.

Mgawanyo wa kazi katika Mtu ni Afya unastahili kuchunguzwa. Redio ilitoa mada na kuwafanya wanakikundi wajione kuwa sehemu ya jambo la taifa. Kitabu kilihifadhi maelezo ambayo sauti isingeweza kuyahifadhi. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake. Kiongozi wa kikundi aliongoza majadiliano na kuyahusisha mafundisho na hali ya mahali pale. Mwishoni kikundi kiliamua hatua ya kuchukua: kuchimba choo, kufyeka majani au kusafisha chanzo cha maji. Katika somo la kichocho, kwa mfano, redio ingeweza kueleza namna ugonjwa unavyoenezwa, lakini isingeweza kujua ni bwawa gani watoto wa kijiji hicho huogelea. Hilo lilijulikana na wanakikundi wenyewe.

Kwa sababu hiyo, dai kwamba redio ndiyo iliyofundisha halitoshi. Mfano wa Kodivaa unaunga mkono hoja hii. Mwaka 1971 nchi hiyo ilianzisha mpango mkubwa wa kufundisha shule za msingi kwa televisheni, vipindi vikitayarishwa Bouaké. Katika shule nyingi za vijijini zisizo na umeme, televisheni ziliendeshwa kwa betri. Mpango ulisitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Televisheni ilikuwa na picha ambayo redio haikuwa nayo, lakini ubora huo haukuzuia gharama na mahitaji ya uendeshaji kuulemea mpango.

Kampeni za Tanzania nazo zilikuwa na mipaka. Mafunzo yanayopitia ngazi nyingi hupungua uzito kila yanaposhuka, na kiongozi asiyejiandaa vyema huweza kugeuza majadiliano kuwa usomaji wa kitabu kwa sauti tu. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya 1975 ilidhihirisha mpaka mwingine. Kaya nyingi ziliweza kuchimba choo kwa nguvu zao. Kuboresha mlo kulitegemea pia mavuno na kipato, na miaka hiyo nchi ilikuwa imetoka kukumbwa na ukame na upungufu wa chakula. Zana ikiteuliwa vizuri huweza kumfanya mtu ajue la kufanya, lakini haimpi kile asicho nacho.

Historia hii ina maana kwa mwalimu wa darasani leo. Tangu 2006, vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze huko Zanzibar viliwashirikisha watoto kwa nyimbo, maswali na michezo. Hapo pia, redio ilihitaji mtu mzima wa kuwaongoza watoto. Kwa hiyo, mwalimu anayechagua kati ya ubao, chati, redio na projekta hana budi kuanza na somo, si na chombo: ni kipi katika somo hili kinahitaji kusikika, kipi kuonekana, kipi kuulizwa na kipi kutendwa? Baada ya hapo ajiulize nani atabaki na wanafunzi chombo kitakaponyamaza. Zana isiyo na jibu la swali hilo la mwisho haijateuliwa, imenunuliwa tu.