Msana wa Tini, Msana wa Yuu

Mjomba wangu ana kiwanja hapa Bofu kinachoteremka kama paa. Juzi alinionyesha picha kwenye simu: nyumba ya shamba ya Hispania, kuta nyeupe, vigae vyekundu, ua katikati. "Hii hii," akasema. Fundi kamwambia lazima waje na tingatinga kwanza, wakate mteremko uwe sawa, kisha wajenge ukuta wa kuzuia udongo. Bei ya huo ukuta peke yake ilimfanya avue kofia.

Mimi chuo niliacha, vitabu sikuacha. Nikamwambia, mjomba, nyumba hiyo mbona tunayo?

Mji wa kale wa Lamu umekaa kwenye mwinuko, na vichochoro vyake vinashuka na maji ya mvua hadi baharini. Nyumba zake za mawe za karne ya 18 zina kuta nene za matumbawe, chokaa nyeupe, na ua wa ndani uitwao kiwanda. Usam Ghaidan, msanifu aliyezichunguza miaka ya 1970, alieleza mpangilio wake: kutoka kiwanda unaingia msana wa tini, halafu msana wa yuu, halafu ndani. Majina yenyewe yanasema. Kila chumba sakafu yake iko juu kidogo ya kile kilichotangulia. Tena vyumba ni vyembamba, maana boriti la mkoko halivuki zaidi ya mita 3 hivi. Sakafu nyembamba zinazopanda kidogo kidogo: si ndiyo dawa ya kiwanja cha mjomba?

Ingawa, kusema kweli, wale hawakupandisha sakafu kwa ajili ya kilima. Ilikuwa heshima: mgeni aishie nje, wenyewe wawe juu na ndani. Na katika nyumba za ghorofa za matajiri, chini waliishi watumwa. Siwezi kuzisifu kuta hizo nikalipita hilo kimya.

"Na Wazungu je?" mjomba akauliza. Nikamkumbusha kwamba Mtaliano Cairati alishatuchorea jengo Mombasa, mwaka 1593. Linaitwa Fort Jesus, na lilikuja na mizinga.

Alicheka, lakini vigae vyekundu hataki kuviacha. Haya, aviweke. Jioni tukateremka na kamba na vigingi. Tulipofika mnazi wa pili tulikuwa na sakafu tatu, choo bado hakijapata mahali.