Pengo katika Matini: Riwaya ya Wells na Msomaji Wake, Robert Goddard

Historia ya fasihi aghalabu huandikwa kama historia ya waandishi. Msomaji hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba kazi yake ni kupokea alichoandaliwa. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, aliupinga mkabala huo na kushikilia kuwa uhai wa kazi ya fasihi hutegemea mapokezi yake. Riwaya ya kisayansi ya H.G. Wells, The War of the Worlds, inatoa kielelezo mahsusi cha hoja hiyo, na pia cha mipaka yake.

Riwaya hiyo ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Pearson's Magazine mwaka 1897, na kama kitabu mwaka 1898. Msimulizi wake, asiyetajwa jina, ananusurika uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi. Anajificha katika magofu ya nyumba pamoja na kasisi aliyevurugwa akili na hofu. Mwishowe anampiga ili kumnyamazisha, na kasisi huyo anaburutwa na wavamizi. Kunusurika hapa si ushujaa, bali ni mzigo wa dhamiri. Isitoshe, katika sura ya kwanza Wells anakumbusha jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na walowezi wa Kizungu. Kwa hiyo riwaya inamweka mtawala katika nafasi ya mtawaliwa.

Mapema mwaka 1898 gazeti la Boston Post liliichapisha hadithi hiyo baada ya kuyahamishia matukio yake Boston, jambo ambalo Wells alililalamikia. Miongoni mwa walioisoma alikuwamo Goddard, kijana wa miaka 15. Tarehe 19 Oktoba 1899, akiwa juu ya mcheri huko Worcester, Massachusetts, aliwazia chombo kiwezacho kufika Mirihi. Aliikumbuka siku hiyo kila mwaka. Tarehe 16 Machi 1926, huko Auburn, alirusha roketi ya kwanza duniani yenye kutumia fueli ya majimaji. Ilipanda kiasi cha mita 12 tu. Aprili 1932 alimwandikia Wells kumweleza jinsi hadithi ile ilivyomwathiri.

La kuzingatiwa ni kwamba wavamizi wa Wells hawasafiri kwa roketi. Vyombo vyao hufyatuliwa kutoka Mirihi mithili ya risasi za mzinga, na mwandishi hakawii sana katika jambo hilo. Wolfgang Iser angeliita pengo ambalo msomaji hualikwa kulijaza. Goddard alilijaza kwa kazi ya maisha yake yote. Hata hivyo, pengo hilo lilikuwa pembezoni mwa dhamira. Kiini kilikuwa kilio cha wanaovamiwa.

Septemba 1944 makombora ya V-2, yaliyoundwa na wahandisi wa Kijerumani na kuendeshwa kwa fueli ya majimaji, yalianza kuanguka London, alikoishi Wells. Goddard hakuyaunda. Lakini tukio hilo laonyesha kuwa njia ya safari ilikuwa imepata wasomaji makini kuliko onyo lililoandamana nayo. Mhakiki hana budi kuutambua uhuru wa msomaji. Akiishia kuusifu, hajamaliza kazi. Yampasa aulize pia ni sehemu ipi ya matini iliyoachwa bila msomaji.