Kukawia na Kukaa: Njia ya Neno la Kilatini

Watu wetu wengi wamejifunza shuleni kwamba demeure kwa Kifaransa ni nyumba. Siku moja barua ya avoka yafika, juu yake imeandikwa mise en demeure. Mtu aiweka kando, akidhani ni habari ya nyumba, naye hana kesi ya nyumba. Kumbe barua yamwambia: umekawia kulipa! Kwa sheria ya mapatano ya Kongo, ya mwaka 1888, mdaiwa akiisha kuonywa hivyo aweza kudaiwa fidia ya kukawia kwake. Ndiyo maana twataka kueleza asili ya neno hilo.

Warumi waliita kukawia mora, na kitenzi chake morari. Wasomaji wetu wanaojua Biblia ya Kilatini wamekutana nayo: bwana arusi alipokawia, mabikira kumi wakasinzia, neno ni mora, na neno la mwisho la Zaburi ya 69, mtu akimwomba Mungu asikawie, latoka katika morari. Baadaye watu wa kawaida walisema demorare, na Wafaransa wakapata demeurer. Kwanza lilikuwa kukawia, kisha kubaki, kisha kukaa mahali, hata katika karne ya 16 demeure ikawa nyumba yenyewe. Lakini mahakimu hupenda maneno ya wazee. Wao wakashika maana ya kwanza. Vilevile Wafaransa husema il y a péril en la demeure, na hata wao wengi hufikiri kuna hatari nyumbani. Sivyo: hatari imo katika kukawia.

Wareno waligawanya urithi vizuri zaidi. Kwao, na kwa jirani zetu wa Angola, morar ni kukaa mahali, demorar ni kukawia. Wahispania pia wana yote mawili. Kitabu cha Mtakatifu Teresa wa Avila cha mwaka 1577 chajulikana kwa jina la Moradas, yaani Makao. Kwa Waitaliano dimora ni makao, mora ni kukawia kulipa.

Tusiwacheke. Nasi twasema fulani anakaa Bukavu, na mama humwuliza mtoto aliyetumwa mtoni: «Mbona umekaa sana?» Tena Warumi walikuwa na kitenzi kingine, manere, kubaki. Kutoka kwake walipata mansio, kituo cha njiani ambapo msafiri alilala usiku mmoja tu. Neno hilo ndilo maison ya Wafaransa.