Faili la uokoaji

Faili la uokoaji ni nakala ya muda ambayo programu ya kuandikia hujiwekea ili kazi isipotee kompyuta inapozimika ghafla. Katika steshenari za Temeke au Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika mara tu umeme unapokatika. Katika Vim, programu iliyotolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991, jina la faili hilo huanza kwa nukta na kuishia na .swp. Katika mifumo ya aina ya Unix, nukta hiyo hulificha. Ndiyo maana wengi hawajui kuwa lipo. Kwa kawaida husasishwa kila baada ya herufi 200, au mwandishi akitulia sekunde 4.

Ukiufungua waraka tena, Vim hutoa onyo. Hakikisha kwanza kwamba waraka haujafunguliwa kwingine. Uokoe kwa amri ya vim -r, uhifadhi kwa jina jingine, ulinganishe na wa zamani, ndipo ufute .swp. Kuanza na kufuta ni kosa lisilorekebishika. Kuliacha faili hilo ni kero tu, onyo litarudi.