Mayai meusi ya China: Chumvi, kostiki soda na hofu ya risasi

MAYAI meusi ya China yaitwayo pidan, maarufu kwa jina la "mayai ya miaka 100", huwa tayari kuliwa baada ya wiki chache tu.

Mayai mabichi, hasa ya bata, hulowekwa katika maji yenye chumvi, majani ya chai na kostiki soda, ile itumikayo kutengenezea sabuni. Soda hupenya ganda taratibu na kuugandisha ute bila moto. Ute hugeuka kahawia, kiini nacho huwa kijani kilichokolea chenye harufu ya amonia.

Soda ikizidi kupenya, ute ulioganda huyeyuka tena. Ili kuizuia, watengenezaji wa zamani walitia oksidi ya risasi, sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto. Baadaye, misombo ya zinki na shaba ilichukua nafasi yake.

Hata hivyo, mwaka 2013 viwanda 30 vilisimamishwa kazi wilayani Nanchang, jimbo la Jiangxi, baada ya kuripotiwa kuwa baadhi vilitumia mrututu wa viwandani, ambao huweza kuwa na risasi na aseniki.

Maandishi "bila risasi" kwenye pakiti humsaidia mlaji pale tu ukaguzi unapofanyika.