Gurupe ndogo na klima: mambo ya kujua mbele ya kuwasha

Mu mwezi wa tisa na wa kumi, mbele mvua ianze, joto la Lubumbashi linapanda, na kuran inaweza kukatika saa ile ile mtu anaihitaji. Wengi wanauliza: gurupe ya kubeba ku mkono inaweza kutembeza klima? Inaweza, lakini hesabu haiishi ku namba iliyoandikwa ku karton.

Klima ya cheval moja (karibu BTU 9,000), ikishatembea vizuri, inakula karibu wati 900. Ila wakati kompresa inaanza kuzunguka, kwa kitambo kidogo tu, inavuta mara 3 ao zaidi. Njo pale gurupe ndogo inalia na kuzimika.

Tufanye hesabu. Gurupe ya kVA 2.5 inatoa karibu wati 2,000. Tena muji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na moteri ya esansi inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake. Zinabaki wati 1,800, na klima inaomba 2,700 ya kuanzia. Kwa klima ya kawaida tafuta gurupe ya kVA 4 ao 5. Klima ya inveta inaanza polepole, kwa hiyo gurupe ndogo kidogo inaweza kutosha.

Mbele ya kuwasha klima, toa frigo na pasi. Ikizimika, ungoje dakika 3 ao 5 mbele ya kuirudisha, juu kompresa ingali na presha ndani.

Sasa jambo la kuua. Mwenye klima anafunga madirisha yote. Na kwa kuogopa wezi, gurupe anaiingiza mu koridori ao anaiweka chini ya dirisha. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Bantu wanalala, hawaamuke tena. Gurupe ikae inje mu lupango, mita 6 ao zaidi toka ku nyumba, bomba la moshi likiangalia mbali na madirisha yako na ya jirani. Kwa wezi, ifunge na mnyororo na kufuli ku nguzo. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu ao kutaka kutapika, toa kila mutu inje kwanza, kisha mukimbilie hospitali.

Tena usiingize kuran ya gurupe mu prizi ya ukuta. Inarudi ku laini ya SNEL na inaweza kuua fundi aliye juu ya nguzo. Fundi akuwekee inverseri, ile swichi inachagua SNEL ao gurupe.

Na kama gurupe yako haifike, usiilazimishe. Feni ya wati 50 na dirisha wazi vinatosha kulala.